Kiuno na nyonga si kitu kimoja, na tofauti yake inatuhusu



Naomba kila mutu asimame kidogo, kisha aweke mukono juu ya nyonga yake. Umeweka? Wengi mumefanya sawa vile mama anafanya akikasirikia mutoto: mikono miwili pembeni, vidole mbele, kidole gumba nyuma. Sasa hapo haiko nyonga. Kiganja chako kimelala juu ya ukingo wa mufupa, na sehemu kubwa ya mukono iko kiunoni. Nyonga yenyewe iko chini zaidi, tena ndani zaidi.

Mimi niko mwanaagronomia, si daktari. Nimesoma mwili wa ng'ombe na wa mbuzi mbele ya kusoma wa mutu, na kazi yangu ni kutembelea wafugaji. Lakini mifupa ya nyuma ya ng'ombe na ile ya mutu ni ndugu wa tumbo moja, majina ni yale yale, na makosa ya kuyachanganya ni yale yale. Kwetu neno "kiuno" linabeba mizigo miwili. Mutu anaumwa mugongo wa chini, anasema kiuno. Koko ameanguka akavunjika mufupa wa paja kule juu, wanasema amevunjika kiuno. Ng'ombe haisimami, ni kiuno tena. Neno moja kwa magonjwa matatu, na dawa zake hazifanani hata kidogo.

1. Kila neno na mahali pake

Kiuno ni sehemu ya mwili iliyo kati ya ubavu wa mwisho na ukingo wa juu wa mufupa mupana wa pembeni. Ni pale tunapofunga mukaba ao kamba ya kikwembe. Ndani yake hakuna mufupa mwingine isipokuwa uti wa mugongo: pingili 5 kwa mutu, pingili 6 kwa ng'ombe. Sehemu nyingine yote ni nyama, mafuta na matumbo. Ni juu ya ile kiuno kinaweza kuinama na kujikunja.

Nyonga ni kiungo, ni kusema mahali mifupa miwili inakutana. Kichwa cha mufupa wa paja ni duara kama mupira mudogo. Kinaingia ndani ya shimo lenye umbo la kikombe, na hilo shimo liko kwenye mufupa mupana wa pembeni. Kwa sababu ya ule mupira na kile kikombe, muguu unaweza kwenda mbele, nyuma, pembeni, na kuzunguka.

Mufupa mupana wenyewe tunauona kama mufupa mumoja, lakini kwa mutoto ni mitatu, na inakutana katika kile kikombe cha nyonga. Inashikana moja kwa moja wakati wa ujana. Ile mifupa mipana miwili, wa kuume na wa kushoto, ikiungana nyuma na mufupa wa chini wa uti wa mugongo, inafanya pete. Pete hiyo Kifaransa kinaiita "bassin", na Kiswahili cha vitabu kinaiita fupanyonga. Mutoto anapozaliwa anapita katikati yake.

Kwa hiyo mupango ni huu toka juu kwenda chini: kiuno, kisha pete ya fupanyonga, na pembeni mwa pete kuko nyonga mbili, moja kwa kila muguu. Kiuno ni kimoja, nyonga ni mbili. Ukishika hilo tu, umeshapata nusu ya somo.

Namna ya kukumbuka: tunasema kunyonga baiskeli. Panda baiskeli unyonge, kisha uangalie ni wapi paja linazunguka. Ni pale.

2. Na kukata kiuno?

Najua swali linakuja, juu ni sisi Wakongomani. Katika ndombolo tunasema mutu anakata kiuno. Kwa mifupa, mambo ni kidogo tofauti. Pingili za kiuno zinainama vizuri mbele na nyuma, na zinalala pembeni, lakini kuzunguka zinazunguka kidogo sana, juu viungo vyake vidogo vinazifunga. Kinachozunguka zaidi ni ile pete ya fupanyonga, na inazunguka juu ya vichwa viwili vya mifupa ya paja. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ile inafanywa na nyonga, na kiuno kinachukua sifa. Muchezaji mwenye nyonga iliyokauka hawezi kukata kitu, hata kiuno chake kiwe kizima namna gani.

3. Kifaransa nacho kimetuchanganya

Tulisoma kwa Kifaransa, na Kifaransa cha kila siku kina mutego wake. Mutu akisema "j'ai mal aux reins", mara mingi anataka kusema mugongo wa chini unamuuma. Lakini "rein" ni figo pia. Basi mutu anaumwa kiuno kwa sababu ya kubeba mifuko ya simiti ao kulima siku nzima, anasema "reins", mwingine anasikia figo, na jioni anatoka farmasi na kopo la antibiyotiki. Mafigo yake ni mazima. Uti wa mugongo ndio uliochoka.

Mutego wa pili ni "hanche" na "bassin". Fundi wa nguo akipima "tour de taille" na "tour de bassin", anajua vizuri kwamba ni mahali pawili: pa kwanza ni kiunoni, pa pili ni pale matako yamejaa zaidi. Akichanganya, sketi haitapanda. Kumbe vile vipimo viwili vya fundi, waganga pia wanavitumia. Shirika la Afya Duniani linasema kiuno kipimwe katikati ya ubavu wa mwisho na ukingo wa mufupa mupana, na nyonga ipimwe pale pana zaidi. Kisha unagawanya kiuno kwa nyonga. Ikipita 0,90 kwa mwanaume ao 0,85 kwa mwanamuke, hatari ya sukari na ya magonjwa ya moyo inapanda. Sasa ukifunga meta juu ya ule mufupa ukifikiri ni kiuno, hesabu yako yote imeanguka. Mafuta ya tumbo ndiyo yanayotafutwa, na yako juu ya mufupa.

4. Maumivu yanaongea, tusikilize yanatoka wapi

Hapa ndipo tofauti inakuwa kubwa.

Maumivu ya kiuno yanasikika nyuma, chini ya mbavu na juu ya matako. Yanaweza kushuka nyuma ya paja mupaka kwenye muguu wakati mushipa wa neva umebanwa. Kuinama na kubeba vinayazidisha.

Maumivu ya kiungo cha nyonga, watu wengi wanashangaa, mara mingi yanasikika mbele, katika kinena, pale paja linaungana na tumbo. Mutu anashindwa kuvaa soksi, anashindwa kupanda moto, kwa sababu paja halitaki kukunjika wala kufunguka pembeni. Tena maumivu ya nyonga yanaweza kujificha gotini. Mutoto anachechemea, anaonyesha goti, munapaka dawa goti, munapiga radio ya goti, na hamuoni kitu. Ugonjwa uko juu. Waganga wa watoto wana kanuni: mutoto akilia goti, pima na nyonga yake.

Kuko pia kitu kinachofanya viwili hivi viumwe pamoja. Ndani ya tumbo, mbele ya pingili za kiuno, kuko musuli mumoja murefu. Unaanzia kwenye kiuno, unapita mbele ya pete, unashuka kushikana na mufupa wa paja karibu ya nyonga. Kwa ng'ombe, musuli huo ndio sehemu kubwa ya file, nyama laini ya bei kali. Muulize mutu wa bucheri: hawezi hata siku moja kuchanganya nyama ya kiunoni na ile ya nyonga, juu bei haiko moja. Kwa mutu, musuli huo ni kama barabara. Kifua kikuu kikishambulia uti wa mugongo katika kiuno, usaha unaweza kufuata barabara ile mupaka kutokea kama uvimbe kinenani. Anayeangalia uvimbe tu atasema ni nyonga. Anayejua barabara atauliza kuhusu kiuno, kikohozi, na joto la usiku.

5. Watoto wa SS

Kongo iko kati ya nchi zenye wagonjwa wengi wa drepanositozi duniani, ugonjwa tunaouita SS. Kila mumoja wetu ana ndugu ao mwanafunzi mwenzake anayeishi nao. Chembe zao za damu zinajikunja na kuziba mishipa midogo.

Sasa kichwa cha mufupa wa paja, ule mupira wa nyonga, kinalishwa na mishipa midogo sana. Ikizibwa, mufupa unakosa damu, unakufa polepole, mupira unapoteza duara yake. Inaanza na kuchechemea kidogo na maumivu ya kinena yanayokuja na kwenda. Familia inasema: "Ni crise yake ya kila siku, kiuno inamuuma." Wanampa dawa ya maumivu na maji mingi, jambo ambalo ni zuri kwa crise, lakini hakuna anayefikiri kumupiga radio ya nyonga. Miezi inapita. Siku radio inapigwa, mupira umeshakuwa bapa, na kijana wa miaka 20 anatembea kama muzee.

Ikitambuliwa mapema, kuko vya kufanya: kupunguza uzito juu ya ule muguu, kutembea na mangongo, mazoezi, kufuatiliwa na muganga wa mifupa. Kwa hiyo kama una mudogo wako wa SS, na maumivu yake yako kinenani upande mumoja, na muguu haufunguki vizuri, usiseme kiuno. Sema nyonga. Neno lile linaweza kubadilisha karatasi ya radio ambayo muganga anaandika.

6. Koko aliyeanguka, na sindano

Mukokoo anaanguka katika buanda ao penye mulango. Hawezi kusimama. Angalia miguu yake akiwa amelala chali: muguu mumoja umekuwa mufupi kidogo, na unyayo wake umegeuka nje. Mara mingi hiyo ni shingo ya mufupa wa paja imevunjika, chini kidogo ya ule mupira. Ni nyonga. Kuita mutu wa kukanda kiuno kunaongeza maumivu na kuchelewesha. Asikandwe, asivutwe muguu, abebwe juu ya kitu kigumu mupaka hospitali.

Kuhusu sindano ya matako: neva kubwa ya muguu, nene kama kidole, inapita ndani ya tako, upande wa chini na wa katikati. Ndiyo sababu muuguzi anafundishwa kuchoma juu na pembeni. Lakini "juu" inaanzia wapi? Inaanzia kwenye ukingo wa mufupa mupana. Asiyetafuta mufupa huo kwa vidole, akakadiria kwa macho, anaweza kushuka bila kujua. Kuko watoto wengi Afrika waliobaki na muguu uliolala kwa ajili ya sindano za kinini zilizochomwa vibaya. Ni juu ya ile watoto wachanga wanachanjwa kwenye paja, mbele na pembeni.

Na mama anayepasuliwa ili kuzaa? Ile sindano ya mugongo inachomwa kiunoni, lakini muganga anapata mahali kwa kushika nyonga: anavuta musitari toka ukingo wa mufupa wa kuume mupaka wa kushoto, na musitari ule unapita karibu na pingili ya 4 ya kiuno. Kwa mutu muzima, uti wenyewe wa neva umeishia juu ya pale, kwa hiyo sindano haiugusi. Hapo munaona maneno mawili yakifanya kazi pamoja, kila moja mahali pake.

7. Sasa ng'ombe, juu ndiyo kazi yangu

Mufugaji mumoja wa upande wa Lubero alinipigia simu asubuhi: "Agronome, ngombe yangu imezaa jana usiku, sasa imelala, imevunjika kiuno. Niite mutu wa bucheri?" Ilikuwa ng'ombe wa damu ya kigeni, mwenye maziwa mingi, mali ya masomo ya watoto wake watatu.

Nilimuuliza: "Muzee, masikio yako baridi? Shingo imejikunja upande wa ubavu? Ukichoma kidogo muguu wa nyuma, anaurudisha?" Akajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Uti ukivunjika kiunoni, mara mingi mukia unalegea na miguu ya nyuma haisikii kitu. Huyu alikuwa anasikia. Nilimwambia asiite bucheri, aite veterinere haraka. Ilikuwa ukosefu wa kalisiyumu: maziwa yanapoanza kutoka kwa nguvu, damu inabaki bila kalisiyumu ya kutosha, na misuli inakataa kazi. Veterinere alimupa kalisiyumu katika mushipa, polepole, akisikiliza moyo, juu ukiharakisha unaweza kumuua. Mbele ya saa sita, ng'ombe alikuwa amesimama. Neno "kiuno" lilikuwa karibu kumupeleka juu ya meza ya bucheri.

Kuko wakati ni nyonga kweli. Ng'ombe ameteleza kwenye matope, mupira umetoka katika kikombe. Huyo anaweza kusimama kwa miguu mitatu, na wa nne unaonekana mufupi na umegeuka. Veterinere anaweza kuurudisha, lakini saa zinahesabiwa: siku ya kwanza kuko matumaini, kiisha juma moja ni kidogo sana.

Tena kuna kuzaa kwenyewe. Ndama anatoka kichwa, mabega, kisha anasimama: nyonga zake zimekwama katika pete ya mama. Watu wanne wanavuta kamba, na hiyo inaweza kumuua ndama na kumuharibu mama. Pete ya mama ni ndefu toka juu kwenda chini kuliko upana wake, na nyonga za ndama ni pana pembeni. Kwa hiyo ndama anageuzwa kwanza upande, ndipo anavutwa pamoja na nguvu ya mama. Kuzuia ni bora: usipandishe mutamba mudogo kwa dume kubwa la kigeni. Angojewe afikie karibu asilimia 60 mupaka 65 ya uzito wa ng'ombe muzima wa aina yake.

La mwisho kwa wafugaji: ng'ombe aliyevimba tumbo kwa gesi. Kukosa dakika kunamuua. Mahali pa kutoboa, wakati hakuna njia nyingine, ni upande wa kushoto, katika pembe tatu iliyo kati ya ubavu wa mwisho, mufupa wa kiuno juu, na ncha ya nyonga nyuma. Asiyejua ncha ya nyonga ni wapi, hajui pembe tatu, na asishike kisu.

8. Kwa hiyo tufanye nini?

Si kwa ajili ya kuonekana wasomi. Lugha zetu za nyumbani zina maneno ya sehemu hizi, tuwaulize wazee mbele hawajaenda nayo. Na tukienda kwa muganga ao kwa veterinere, tuache kusema neno tu, tuonyeshe kwa kidole kimoja. Nyuma, juu ya matako: kiuno. Mbele katika kinena, ao pembeni kule juu ya paja na muguu haukubali kuzunguka: nyonga.

Kuko jambo moja nalipenda sana. Mama anayebeba mutoto mugongoni na kitenge, miguu ya mutoto inafunguka na kukumbatia kiuno cha mama. Waganga wa mifupa wameona kwamba mahali wamama wanabeba hivyo, watoto wenye nyonga iliyotoka ni wachache, kuliko mahali walikuwa wanafunga miguu ya mutoto ikiwa imenyooka. Miguu ikifunguka, mupira unakaa vizuri ndani ya kikombe na kikombe kinakomaa. Kiuno cha mama kinatengeneza nyonga ya mutoto. Bakoko wetu hawakuchora mifupa hiyo kwenye ubao, lakini walijua ni wapi pa kufunga kitenge.